Chiriku Alisema Labda

Asubuhi ile Chiriku aliamka akakataa kumeza mate.

Mama yake alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mashavu yamemtuna, mikono ameinyanyua mbali na mwili kana kwamba imepakwa gundi. Alidhani ni mchezo. Watu hawakumwita mtoto huyu Chiriku bure: tangu ulimi ulipomkaa sawa hakuwahi kuupa likizo, na vituko vyake havikuwa na mwisho. Akamwambia aache utani, atachelewa shule. Mtoto akatikisa kichwa. Machozi yakamtiririka huku mdomo bado umefungwa, ndipo mama alipoona machoni mwake hofu ambayo mtoto wa miaka minane hawezi kuiigiza.

"Tema basi," akamwambia, akamkingia beseni.

Chiriku akatema, akavuta pumzi. "Mama, nikimeza nitakufa?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna mtu. Nikimeza nitakufa?"

"Hufi. Kila mtu anameza mate."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Kweli sifi?"

Aliuliza akivalishwa sare, akauliza akifungwa vifungo, akauliza tena mlangoni. Kila alipojibiwa alitulia kwa kitambo kama cha mtu kupiga chafya, kisha swali likarudi kwa maneno yaleyale. Na jana yake alikuwa mzima. Alikula, akamwiga mwalimu wake wa hesabu mpaka baba yake akapaliwa na chakula kwa kicheko, akaenda kulala. Hilo ndilo lililomganda Mama Chiriku kichwani siku zote zilizofuata. Mtoto mmoja alikwenda kulala, akaamka mwingine.

Nyumba yao ilikuwa ya watu wanne. Mama Chiriku alishona mapazia kwenye chumba cha mbele, mlango ukitazama barabarani. Mumewe alikuwa fundi rangi, anayeondoka alfajiri na kurudi jioni na madoa ya nyumba za watu mikononi. Chumba cha uani alikaa Mjomba, mdogo wake Mama Chiriku, kijana mpole mwenye kucheka kimyakimya, fundi wa sofa kwenye karakana iliyokuwa mwisho wa mtaa. Yeye ndiye aliyempitia Chiriku shuleni kila mchana na kukaa naye karakanani, mtoto akiokota misumari kwa sumaku na kusimulia habari za darasani, mpaka dada yake afunge kazi. Mama Chiriku alikuwa amemlea mdogo wake huyo tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Alizoea kusema kwamba Chiriku ni mtoto wake wa pili.

*

Mambo hayakuja kwa zamu. Yalikuja kwa mkupuo, kama wageni wa msiba.

Mtoto alianza kunawa mikono mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akawa hataki kuguswa. Akawa hawezi kumwacha mama yake aende hata dukani bila kumshika upindo wa gauni, yeye ashike lakini asishikwe. Zamani alimsaidia mama yake kuandika vipimo vya madirisha kwa chaki juu ya kitambaa, kwa mwandiko wa kujivunia. Sasa tarakimu zilianguka huku na huku kama zimeandikwa na mtu aliye juu ya punda. Na alikwenda chooni mara kwa mara, akirudi bila kupata nafuu yoyote.

Mama akampeleka zahanati. Tabibu alimtazama ulimi, akambonyeza tumbo, akauliza ni mtoto wa ngapi.

"Ni huyuhuyu mmoja."

"Basi anadeka," akasema tabibu. "Mpe dawa ya minyoo. Na msimwendekeze."

Walimpa dawa ya minyoo. Hawakumwendekeza. Baba Chiriku, ambaye hakuwa mtu wa kupiga, siku moja alichoshwa na swali lile wakati wa chakula, akampiga mwanawe kibao mkononi. Mtoto hakulia kwa maumivu. Alikwenda kunawa pale alipopigwa, akarudi, akauliza: "Baba, nimefanya kitu kibaya?" Baba akasukuma sahani, akatoka nje, akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa mpaka chakula kikapoa.

Hilo lilikuwa swali jipya, na lililishinda lile la kwanza. Nimefanya kitu kibaya? Mimi ni mbaya? Chiriku alilileta kwa mama yake akiwa kwenye cherehani, akiwa anafua, akiwa anapima dirisha la mteja. "Hujafanya kitu," mama alijibu. "Lakini nikiwa nimefanya nikasahau?"

Kisha mwalimu akamwita. Walizungumza koridoni, wazazi wengine wakipita na kugeuza shingo.

"Anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila wakati," mwalimu alisema. "Na mwenzake akimgusa anapiga kelele. Huyu si Chiriku ninayemjua."

"Tumempeleka zahanati, Mwalimu."

Mwalimu akashusha sauti. "Nyumbani anakaa na nani?"

"Na mimi. Na baba yake."

"Na wengine?"

"Mjomba wake."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, polepole, na hakuuliza tena. Mama Chiriku alitoka pale getini akiwa ameshikiwa upindo wa gauni, na kile kichwa kilichoitikia polepole akakibeba mpaka nyumbani.

*

Akili ya mtu ikishajua inachotafuta, huokota kila kinachofanana nacho.

Mchana ule Mjomba, asipomkuta mtoto shuleni, alikuja nyumbani kumchukua, sponji za sofa zimemganda kwenye nywele. Akanyoosha mkono. Chiriku akarudi nyuma hadi ukutani.

"Usiniguse."

"Haya, sikugusi," Mjomba akasema akicheka kidogo. "Twende, kuna kiti cha mfalme leo. Kina vifungo vya dhahabu."

"Sitaki kwenda. Sitaki huko."

Asubuhi ya siku hiyohiyo Chiriku alikuwa amemwambia baba yake maneno hayohayo ya usiniguse, na muuza maziwa, na paka. Lakini mama yake aliyasikia haya ya mchana. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya ndugu kutazamana, mpaka kijana akajipapasa usoni akidhani amechafuka.

Jirani yao, muuza mitumba, alikuwa amekuja kupunguziwa urefu wa sketi, akaona yote. Mjomba alipoondoka, akavuta kiti karibu.

"Mama Chiriku, mimi sina maneno mengi," alisema mwanamke huyo, aliyekuwa nayo. "Mtoto habadiliki hivihivi. Mtoto wa kike kutaka chooni kila saa, kukataa kuguswa, kukataa kwenda mahali alikokuwa anapapenda. Sisi ni watu wazima. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja."

"Ndiyo nikasema nguoni. Sikusema barabarani."

Alipokwenda zake Mama Chiriku alifunga mlango wa mbele, akamketisha mwanawe juu ya meza ya kukatia, macho kwa macho. Alikuwa amejiandaa kuuliza kwa mzunguko, lakini swali likatoka limenyooka.

"Mjomba alikufanya kitu?"

Chiriku akafikiri. Kufikiri kwenyewe kulimtisha mama yake, kwa sababu swali kama lile lilistahili jibu la haraka.

"Sijui," mtoto akasema.

"Hujui vipi? Alikugusa vibaya?"

"Sikumbuki. Labda."

"Labda nini, mwanangu?"

"Labda alinigusa. Labda mimi ndiye nilimfanyia kitu kibaya." Akaanza kujisugua viganja. "Mama, nimefanya kitu kibaya? Sina uhakika. Mama, una uhakika?"

Mama hakusikia chochote baada ya labda ya kwanza. Akaikumbatia meza, maana mtoto hakukubali kukumbatiwa.

*

Mjomba alirudi jioni akakuta dada yake na shemeji yake wamesimama uani, mbele ya mlango wa chumba chake. Begi lake lilikuwa nje. Nguo zilikuwa zimekunjwa vizuri, kwa mkono wa mshonaji; hata kwenye hasira mkono ule haukujua kukunja ovyo.

Dada yake alisema alichokuwa nacho. Alikisema kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie, na madirisha ya majirani yakawa kimya ili yasikie.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Dada, unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuambia uondoke wakati tunauliza."

"Mwanao kasema mimi nilimfanya hivyo?"

"Kasema labda."

"Labda," akarudia kijana. Akamgeukia shemeji yake. "Na wewe, shemeji?"

Fundi rangi alikuwa anajikwangua doa la rangi kwenye kiwiko. Aliendelea kulikwangua. "Mtoto ni mtoto, shemeji," akasema hatimaye. "Ondoka kwanza, mambo yatulie."

Mjomba akainama akachukua begi. Hakuapa, hakulia, hakumwita Mungu shahidi, na baadaye mtaani walisema hiyo ndiyo dalili, kwamba asiye na hatia huwa anapiga kelele. Alipofika kwenye kona ya uani alisimama kama aliyesahau kitu, akasema tu, "Nilikuwa nimemwahidi kile kiti akione," akaondoka.

Maneno hayana breki. Muuza mitumba hakumwambia mtu ila mmoja, na huyo mmoja ila wawili. Kabla ya juma kwisha mwenye karakana alimwita Mjomba pembeni, akamwambia kwamba kazi yake haina kasoro, ila wateja wake ni watu wenye watoto. Kijana akakusanya nyundo na mkasi wake. Hakuna aliyejua alikoelekea.

Hospitalini, walikompeleka ili achunguzwe, muuguzi alimpima Chiriku, kwa upole na kwa pazia lililofungwa, akasema hakuna jeraha wala alama. Mama Chiriku akashusha pumzi. Afisa wa ustawi wa jamii aliyekuwa pale akaongeza, kwa nia njema, kwamba kukosa alama hakumaanishi hakuna kilichotokea. Mama akairudisha ile pumzi ndani. Yote yakaandikwa kwenye faili.

*

Kama chanzo kilikuwa Mjomba, basi kuondoka kwake kungeleta nafuu. Badala yake Chiriku aliacha kula.

Kwanza aliacha vyakula vyenye mchuzi, kwa kuwa haoni kilichomo. Kisha akaacha vilivyoguswa na mkono wa mtu. Mwishowe akawa anakunywa maji tu, na hayo kwa kuapishana na mama yake kwamba ni salama. Uso wake ukabaki macho. Mama aliacha kazi; mteja mmoja mwenye nyumba kubwa alikuja kuchukua vitambaa vyake vikiwa vimekatwa nusu, akavikagua kimoja kimoja mbele ya watu kana kwamba vingine vimeibwa, akaondoka bila kuaga. Baba Chiriku alikuwa akirudi mapema na kukaa karibu na mwanawe akijibu maswali kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: hufi, hujafanya kitu, hufi.

Siku mtoto alipoanguka akitoka kunawa, walimkimbiza hospitali kubwa, akalazwa, akatundikiwa maji.

Daktari wa watoto alikuja siku iliyofuata asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya raba na sauti ya mtu ambaye hakulala. Alilisoma faili akiwa amesimama, lote, huku Mama Chiriku akitazama kurasa zinavyogeuka na kujua ni ukurasa upi umefikiwa. Kisha daktari akavuta kiti.

"Ilianza polepole au ghafla?"

"Ghafla, Daktari. Alilala mzima, akaamka hivi."

"Kabla ya hapo aliugua?"

"Hapana." Mama akasita. "Koo tu. Lilimuuma, akawa na homa na vipele vidogovidogo. Nilimpa dawa ya homa na maji ya chumvi, akapona mwenyewe."

"Darasani kwao kuna wengine waliougua koo?"

"Wengi. Ilikuwa inazunguka."

Daktari aliinua mkono wa mtoto kwa kutumia shuka, bila kumgusa, na Chiriku akamruhusu. Ncha za vidole zilikuwa zikibambuka ngozi. Mama akasema ni sababu ya kunawa. "Huenda," daktari akasema. "Na huenda ni ile homa ya koo. Ngozi hubambuka hivi baadaye." Akamwomba Chiriku apanue mdomo, akamsugua kooni kwa pamba, haraka, kabla hofu haijaamka. Kisha akauliza, "Nani anakuuliza maswali haya yote?"

"Hakuna mtu," Chiriku akajibu. "Kichwa changu. Nikikijibu kinasema sina uhakika."

Daktari akaitikia. Akageuka kutazama dirisha la wodi. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka zamani, na mpasuko wake umezibwa kwa karatasi ya gundi iliyokwishageuka rangi ya chai.

"Chiriku, wewe ndiye uliyevunja dirisha lile?"

Mtoto akalitazama. Alikuwa ameletwa jana akiwa amebebwa, hajashuka kitandani. Mama yake alitaka kucheka kwa swali lile la kipuuzi. Lakini Chiriku alizidi kulitazama, akakunja uso, akaanza kupumua kwa shida.

"Sikumbuki," akasema. "Labda. Labda ni mimi. Samahani. Mama, ni mimi?"

Mama Chiriku akasimama. Hakukuwa na mahali pa kwenda, kwa hiyo akakaa tena.

"Hukuvunja wewe," daktari akamwambia mtoto. "Nimekuuliza makusudi, naomba radhi. Nimekujibu mara moja, sitarudia." Kisha akamsogelea mama. "Nimesoma yote yaliyomo kwenye faili. Siwezi kukuambia kitu gani hakikutokea, mimi sikuwapo. Ila neno lake kwa sasa si ushahidi wa lolote. Ukimuuliza kama aliua mtu, atakuambia labda."

"Amepata wazimu?"

"Hapana. Mwili wake ulipopigana na vidudu vya koo ulitengeneza silaha. Kwa watoto wachache silaha hizo hukosea shabaha, zikapiga ubongo, pale hofu na mashaka vinapokaa. Ndiyo maana imeanza ghafla. Hata kule kwenda chooni kila mara ni humohumo. Wapo madaktari wanaobishania ugonjwa huu, sikufichi. Lakini nimewahi kuona watoto wa namna hii, na sitasubiri ubishi wao umalizike."

Mama Chiriku aliitazama mikono yake mwenyewe. "Nilimkunjia nguo mdogo wangu," akasema.

Daktari hakuelewa, na hakuuliza.

*

Majibu ya koo yalirudi yakionyesha vidudu bado vimo. Chiriku akapewa dawa ya kuviua, na nyingine ya kutuliza uvimbe, na akaletwa mshauri wa watoto, kijana mwenye subira ya mvuvi wa ndoana, aliyewafundisha wazazi jambo lililokuwa gumu kuliko dawa zote: wasimjibu.

"Akiuliza kama atakufa, msiseme hapana. Mwambieni, hilo ni swali la ugonjwa. Kisha nyamazeni. Kila mnapomjibu mnaulisha."

Mama Chiriku alikuwa ameulisha kwa wiki nyingi. Sasa alikaa kando ya kitanda akiuma upande wa ndani wa shavu, mwanawe akilia kwamba amwambie tu, mara moja tu, ya mwisho. "Hilo ni swali la ugonjwa," alisema, na kila aliposema alihisi kama anamfungia mtoto mlango nje kwenye mvua. Baba Chiriku alishindwa, ilibidi awe anatoka nje ya wodi, kisha anarudi na kuuliza, "Limepita?"

Likawa linapita. Si siku moja wala si kwa mstari ulionyooka. Zilikuwako asubuhi za kurudi nyuma, zilikuwako jioni alizotema kila kitu. Lakini mchana mmoja aliletewa uji, akanywa vijiko kadhaa huku akibishana na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu nani analala vibaya, na mama yake akatambua kwamba hakuuliza. Akamgeukia mumewe, mumewe akaweka kidole mdomoni, wote wawili wakatazama ukuta kama watu wasioona kitu.

Walipokaribia kuruhusiwa, mshauri alizungumza na Chiriku faraghani, kwa muda mrefu, kwa michoro na kwa wanasesere. Alipotoka aliwaambia wazazi kwamba mtoto sasa anasimulia mambo kwa uhakika, yenye mwanzo na mwisho, na hakuna lolote baya alilolisema juu ya mjomba wake. "Ana lalamiko moja tu," akaongeza. "Kwamba aliahidiwa kuona kiti cha mfalme na hakupelekwa."

Njiani kurudi nyumbani Chiriku aliuliza, "Mjomba yuko wapi?" Lilikuwa swali la kweli, la kustahili jibu, na hakuna aliyekuwa nalo.

*

"Twende wote tukamtafute," Mama Chiriku alimwambia mumewe.

"Mimi nilimwambia nini? Mimi karibu nilinyamaza."

"Ndiyo. Na kunyamaza kwako ndiko kulikombebesha begi."

Asubuhi iliyofuata fundi rangi hakwenda kazini. Alizunguka karakana baada ya karakana akiuliza habari za shemeji yake, na kwenye kila moja ilibidi aeleze kwa nini yeye, ndugu wa nyumba moja, hajui alipo. Alimpata upande wa pili wa mji. Akamwelekeza mkewe, lakini kwenda kumtazama usoni alimwachia yeye.

Mama Chiriku kabla ya kwenda alipita kwa muuza mitumba, akamkuta na wateja, akasema mbele yao kwamba ndugu yake hakufanya jambo lolote, kwamba mtoto alikuwa mgonjwa na yeye alikosea. Muuza mitumba alimpapasa bega kwa huruma. "Afadhali," akasema. "Mimi ni mama pia. Ila watu bado wanajiuliza, si unajua, lisemwalo lipo." Akapita kwa mwenye karakana pia. Huyo alifurahi kusikia, akasema daima alimjua kijana kuwa mtu wa adabu, na kwamba nafasi yake kwa bahati mbaya imeshachukuliwa.

Mjomba alikuwa chini ya turubai, kando ya barabara, akirudishia kitambaa kwenye kiti cha ofisi kilichochanika. Alikuwa amekonda. Alipomwona dada yake alisimama, nyundo mkononi.

"Shikamoo, Dada. Amekufa?"

"Marahaba. Hajafa. Amepona."

Kijana akakaa. Alimeza mate, akakishika kiti. "Anakula?"

"Anakula. Na mdomo umerudi."

Alimweleza yote: koo, vidudu, dirisha la wodi. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akisahau na kukumbuka. Mjomba aliendelea kupiga misumari, si kwa dharau. Mikono ilitaka pa kukaa.

"Nimekuja kukuomba msamaha," dada yake akasema mwishowe.

"Nimeshakusamehe. Tangu siku ile." Akapiga msumari. "Angekuwa mwanangu akaniambia labda, na mimi ningemfukuza huyo mtu. Hata kama ni wewe."

Mama Chiriku alikuwa amejiandaa kwa matusi, kununiwa, hata kufukuzwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Akamwambia chumba chake bado kipo, hawajakipangisha.

"Hapa naona panatosha, Dada."

"Basi njoo Jumapili. Anakuuliza."

Akafikiri. Akapekua misumari kwenye kopo kana kwamba jibu limo humo. "Nitakuja," akasema.

*

Jumapili alikuja amevaa shati la kupigwa pasi, na mfuko wa machungwa. Chiriku alimrukia kabla hajavuka kizingiti, akamkumbatia kiuno. Mjomba aliinua mikono yote miwili juu, mfuko wa machungwa ukining'inia hewani, akaiacha huko mpaka mtoto alipomwachia.

Walikaa. Baba Chiriku alimkaribisha shemeji yake mara nyingi kupita kiasi, akamsifia shati, akaeleza habari za nyumba anayoipaka rangi hadi akaishiwa na vyumba. Chiriku aliokoa mazungumzo. Alisimulia hospitali yote, wagonjwa na majina aliyowabandika, muuguzi aliyekoroma akiwa wima, akiruka kutoka jambo hadi jambo bila kuvuta pumzi, na Mjomba akacheka kile kicheko chake cha kimyakimya, na kwa muda chumba kikawa kama zamani.

Kisha mtu akaja kumwita Baba Chiriku kuhusu ngazi aliyoiazima kwake, wakatoka kwenda kuitazama. Mama Chiriku akaenda kuinjika chai, akakuta sukari imekwisha.

"Naenda dukani hapo mara moja," akasema. "Kaeni."

Mjomba akasimama.

"Wewe wapi?"

"Nakusindikiza."

"Kwenda dukani? Kaa na mtoto."

"Hapana, Dada," akasema. Hakusema kwa ukali wala kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja kipimo cha kitambaa. Akatoka mbele yake, akaenda kukaa kwenye ngazi ya nje, pale uani, mahali ambapo kila dirisha la jirani lingeweza kumwona na mikono yake ikaonekana, ameiweka juu ya magoti.

Chiriku akamfuata hadi mlangoni. "Mjomba, mbona umetoka?"

"Ndani joto."

"Hakuna joto. Mvua inanyesha."

Kweli ilikuwa imeanza, manyunyu mepesi yaliyomlowesha bega la upande mmoja.

"Simulia," akamwambia. "Nasikia vizuri nikiwa hapa."

Mama Chiriku alisimama katikati ya uani, hela imekunjwa kiganjani. Dirishani kwa muuza mitumba pazia lilisogea. Ni yeye, Mama Chiriku, aliyelishona. Alifikiri kumwambia ndugu yake aingie ndani, akaona kwamba hilo si jambo la kumwambia mtu. Hakwenda dukani. Alirudi ndani, akatoka na kile kigoda anachokalia kwenye cherehani, akakiweka kwenye mvua ileile, ubavuni mwa mdogo wake, akakaa. Mtoto akawatazama wote wawili, akaona wamejaa wazimu wa watu wazima, akaendelea kusimulia.